DAKTARI ALLISON NA MUNDU ULIOMO DAMUNI MWETU

Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vya sayansi vinavyosomeshwa dunia nzima, na huku kwetu mwambao, ambako aliokota baadhi ya ushahidi wake wa mwanzo, ni wachache sana wamjuao. Mtu huyo ni Daktari Anthony Allison. Alikuwa Mzungu, mwana wa mkulima, aliyelelewa Kenya. Yeye ndiye aliyeonyesha kwa nini ugonjwa wa siko seli, ama selimundu kama wataalamu wapendavyo kuuita, umekaa sana kwa watu wa pwani na watu wa ziwani, na ukawa nadra kwa watu wa milimani na wa nchi kame. Jawabu aliyoipata ilikuwa ni malaria.

Habari hizi si za madaktari peke yao. Zimo ndani yake posa, ndoa, talaka, na maneno makali ya mawifi. Mbele kidogo nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

KIJANA WA GILGIL

Allison alizaliwa tarehe 21 Agosti 1925 mjini East London, Afrika Kusini. Angali mdogo wazazi wake walihamia Kenya wakashika shamba upande wa Gilgil, katika Bonde la Ufa. Huko ni nchi ya baridi na ukungu wa asubuhi, ambako mbu wa malaria ni wachache. Siku zile Louis Leakey alikuwa akichimbua mifupa na zana za mawe za watu wa kale katika bonde hilo hilo, na kijana Allison akavutwa na kazi ile. Akavisoma na vitabu vya Charles Darwin. Kilichomsumbua ni kwamba Darwin aliandika mengi juu ya ndege, wanyama na mimea, lakini kwa upande wa binadamu ushahidi wa kushikika kwa mkono ulikuwa haba. Allison akatamani kuutafuta yeye mwenyewe.

Najua kwamba jina la Darwin huwakunja nyuso baadhi ya wasomaji wetu. Sikusudii kuufungua mjadala huo hapa. Ninayoyasimulia ni mambo ya karibu zaidi: ni mtoto gani aliyepona homa na ni yupi hakupona, hesabu ambayo bibi zetu waliijua kwa idadi ya makaburi madogo nyuma ya nyumba.

Alisoma kwanza katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kusomea udaktari. Wakati wa masomo hayo, mwaka 1949, Chuo cha Oxford kilituma msafara wa wanafunzi na wataalamu kuja Mlima Kenya. Wenziwe walikuja kukusanya mimea na wadudu. Yeye akaomba kazi yake iwe kuchukua damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya, aangalie aina za damu zao, na pia aangalie kama chembe zao nyekundu zinapinda.

CHEMBE ZINAZOPINDA

Hapa yafaa nisimame kidogo, kwani asiyeufahamu ugonjwa wenyewe hataona ukubwa wa alichokipata Allison.

Chembe nyekundu za damu, kwa kawaida, ni za mviringo na laini, hupita katika mishipa myembamba bila taabu. Kwa mgonjwa wa siko seli, chembe hizo zikikosa hewa ya oksijeni hujikunja zikawa na umbo la mundu, ule mundu wa kukatia mpunga. Zikishakuwa hivyo hukwama, huziba mishipa, na huvunjika upesi. Mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, vidole huvimba, macho huwa manjano, damu hupungua. Daktari wa kwanza kuueleza ugonjwa huu kwa maandishi ya kitaalamu alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, alipomtibu mwanafunzi mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Lakini kuandikwa Chicago hakuna maana kwamba ulianzia huko. Bara letu limeuzika ugonjwa huu karne nyingi bila ya kuupa jina moja.

Mwaka ule ule wa 1949 ulikuwa mwaka wa bahati kwa elimu hii. Huko Marekani Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini, ile rangi nyekundu ibebayo oksijeni. Na James Neel alithibitisha jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Kila mtu hupokea sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepokea mundu kwa wazazi wote wawili huwa mgonjwa. Aliyepokea mundu kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, hutembea, hulima, huvua, huzaa, na pengine hufa mzee bila ya kujua kwamba anao. Huyu wa pili wataalamu humwita mbebaji.

Sasa, lilikuwako fumbo. Zamani, karibu watoto wote wagonjwa wa siko seli barani Afrika walikufa kabla ya kuoa au kuolewa. Maana yake kila kizazi kilizika sehemu ya mundu pamoja na watoto hao. Kwa hesabu hiyo, kadiri karne zinavyopita, mundu ungepungua hata ukakaribia kutoweka. Badala yake, madaktari waliokuwa Uganda walikuta kwa Waamba wa Bwamba wabebaji wanaokaribia 40 katika kila watu 100. Mali inayopotea kila siku na bado ghala limejaa! Lazima kulikuwa na mlango mwingine wa kuingizia.

RAMANI YA MWAKA 1949

Allison alizunguka na vichupa vyake, pwani, Nyanza, mlimani na nchi kame. Aliporudi na kuziweka hesabu zake pamoja, umbo la jambo lilijitokeza. Kwa watu wa karibu na bahari na watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, wabebaji walizidi 20 katika 100. Kwa watu wa milimani na wa nchi kame iliyo baina ya pande hizo mbili, hawakufika hata mmoja katika 100.

Ni kitu gani kilicho sawa baina ya pwani na ziwani, na kinachokosekana Nyeri na katika nchi kavu? Si lugha, kwani Mgiriama na Mjaluo lugha zao hazikaribiani hata kidogo, wakati Mgiriama na Mkikuyu wote ni Wabantu na bado damu zao zilitofautiana. Si chakula. Allison akasema moyoni kuwa ni mbu. Palipo na malaria ya mwaka mzima, mundu upo. Pasipo na malaria, haupo. Basi huenda yule mbebaji, mwenye mundu wa upande mmoja, anapata kinga, na kinga hiyo ndiyo inayoujaza upya ule upungufu wa watoto wanaokufa.

Si haki kusema kwamba hakuna aliyekaribia wazo hilo kabla yake. Daktari Beet, katika nchi ambayo leo ni Zambia, aliandika mwaka 1946 kwamba wenye mundu walionekana kuwa na vijidudu vichache vya malaria. Na mwanasayansi J.B.S. Haldane alikwisha kubuni fikra kama hiyo juu ya ugonjwa mwingine wa damu unaopatikana nchi za Bahari ya Kati. Lakini kubuni ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Allison alikuwa bado mwanafunzi, hana cheti cha udaktari wala fedha. Akalifungia wazo lake kifuani akarudi Oxford kumaliza masomo. Miaka minne alikaa nalo. Mimi humsifu kwa subira hiyo kuliko hata kwa akili yake.

MASALANI, RAMANI NDOGO

Naandika haya nikiwa Masalani, katika Ijara, sehemu ya kusini ya Garissa. Mimi ni mtu wa mwambao, kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta huku. Wasomaji wa Mombasa na Lamu ambao hawajafika hapa wafikirie mji wa joto kali ukingoni mwa Mto Tana. Ukitazama upande wa mto utaona miembe, migomba na mashamba ya mahindi ya watu waliolima kingo hizi tangu zama za mababu. Ukiupa mto mgongo ukatembea mashariki, baada ya muda si mrefu ni vichaka, vumbi, na Wasomali na ng'ombe wao, watu wa kuhama kufuata malisho.

Nilipoisoma ramani ya Allison mara ya kwanza nilijiambia kwamba mtu hahitaji kusafiri kutoka Mombasa mpaka Nyeri ili aione. Ile kanuni yake, ya maji na ukame, inapita hapa kati ya mji. Watu wa mtoni wamekaa na mbu vizazi na vizazi. Watu wa nyika kame hawakukaa naye hivyo, na kwa Wasomali wa nchi kavu mundu ni kitu adimu.

Mtu asidhani kuwa kutokuwa na mundu ni faida tupu. Baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997, nyika ya Kaskazini Mashariki iligeuka ziwa. Mwanzoni mwa 1998 malaria iliwaangukia watu wa Wajir kwa ukali ambao haukuwa umezoeleka huko. Wakubwa kwa wadogo waliugua kwa pamoja, wengi wakafa. Miili yao haikuwa na mazoea ya homa hiyo. Kiliwafika kwa miezi michache kile ambacho watu wa mtoni na wa pwani walikuwa wakikilipa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa muda ambao hakuna aliyeuandika.

WANAUME 30 WA NAIROBI

Allison alirudi Kenya mwaka 1953, sasa ni daktari. Nchi ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari. Bara kulikuwa na askari na kambi za vizuizi. Katika siku hizo ndipo alipofanya jaribio ambalo lingali likizungumzwa.

Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, waliokuwa wakiishi Nairobi kwa muda mrefu, mbali na malaria ya kwao. Kumi na watano walikuwa wabebaji wa mundu, kumi na watano hawakuwa nao. Akawaambukiza malaria kwa makusudi, wengine kwa kuwatia damu yenye vijidudu, wengine kwa kuwaacha waumwe na mbu walioambukizwa. Mbegu mbili za vijidudu zilitumika: moja asili yake Malaya, na ya pili ilitoka karibu na Mombasa. Naam, Mombasa yetu.

Matokeo yalikuwa haya. Katika wale 15 wasio na mundu, 14 walishikwa na malaria. Katika wale 15 wenye mundu, walishikwa wawili tu. Kisha wote walipewa dawa za kuisafisha homa.

Hesabu hiyo ni nzuri mno, na mwanasayansi yeyote angeifurahia. Lakini mimi, kila nikiisoma, furaha hainijii yote. Kumtia mtu mzima malaria kali makusudi, katika nchi iliyotawaliwa, na mtawaliwa kuambiwa amejitolea mbele ya daktari wa Kizungu, ni jambo ambalo leo lingepitia kamati nyingi kabla ya kuruhusiwa, na huenda lisingeruhusiwa kabisa kwa namna ile. Jina la Allison linajulikana. Majina ya wale 30 hatuyasikii yakitajwa popote, na bila ya miili yao jambo hili lisingejulikana mapema hivyo. Nadhani ni haki kuwataja pamoja naye, hata kama ni kwa idadi tu.

Hakuishia hapo, kwani alijua kwamba watu wazima si watu wa kupimia peke yao. Malaria huua watoto. Akaenda Uganda, karibu na Kampala, akapima watoto 290 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kati yao 43 walikuwa wabebaji, na vijidudu vya malaria vilionekana kwa 12. Wasiokuwa wabebaji walikuwa 247, na vijidudu vilionekana kwa 113. Yaani wabebaji walikuwa kiasi cha 28 katika 100, na wengine kiasi cha 46. Tena akapima karibu watu 5,000 wa makabila mengi ya Uganda, Kenya na Tanganyika, na ramani ya 1949 ikasimama pale pale: mundu na malaria hutembea pamoja.

Mwaka 1954 akachapisha makala zake. Ile mashuhuri ilitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza mwezi wa Februari. Alikuwa hajatimiza miaka 29.

WALIOPINGA

Hakupokewa kwa shangwe. Wako waliosema kwamba watu wake walikuwa wachache, wako waliosema kwamba jaribio la watu wazima halithibitishi lolote juu ya watoto, na wako ambao hawakupenda tu kuona kijana asiye na cheo akidai kuwa ameonyesha, kwa binadamu, jambo ambalo wakubwa walilitafuta miaka mingi. Ni kawaida ya wenye vyeo.

Lakini ushahidi ulizidi kumfuata. Madaktari wa Kampala na wa kwingineko Afrika walianza kuangalia damu za watoto waliouawa na malaria. Mwaka 1964 Allison alizikusanya hesabu hizo pamoja. Katika watoto 100 waliokufa kwa malaria, mbebaji alikuwa mmoja tu, wakati kwa wingi wa wabebaji katika sehemu zile wangetarajiwa kuwa zaidi ya 22. Baada ya hapo wapinzani walibaki wachache.

Miaka mingi baadaye jambo hili lilipimwa tena huku huku pwani. Watafiti wa Kilifi, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, walifuatilia watoto kwa miaka na kutangaza mwaka 2005 kwamba mbebaji hupata kinga ya kiasi cha nusu dhidi ya malaria nyepesi, na inayokaribia asilimia 90 dhidi ya ile kali inayoua. Allison alikuwa bado hai wakati huo.

Kinga hiyo hufanyaje kazi? Kwa ufupi, kijidudu cha malaria kikiingia katika chembe ya mbebaji hutumia oksijeni, chembe hujikunja, na bandama huiona kuwa mbovu ikaiondoa pamoja na mgeni wake kabla hajazaana sana. Yako maelezo mengine zaidi, na wataalamu bado wanabishana. Ila jambo moja lisisahaulike na mama yeyote anayesoma ukurasa huu: kinga ni ya mbebaji, na hata yeye si kinga kamili. Mtoto mwenye mundu wa pande zote mbili hana salama yoyote kwa malaria. Ikimpata, huwa hatari kwake kuliko kwa mwingine, kwani damu yake ni pungufu tangu mwanzo. Yeye ndiye wa kulazwa ndani ya chandarua kuliko wote.

POSA NA DAMU

Sasa nirudi kwenye yale niliyoyagusia mwanzo.

Katika miji yetu, kuanzia hapa Masalani mpaka Lamu, Malindi na Mombasa, mtoto akiugua-ugua, akivimba vidole na kulia usiku, wengi huanza kutafuta mtu wa kulaumiwa. Utasikia ni jini la upande wa mama. Utasikia ni jicho la jirani. Utasikia ni mke mwenye damu mbaya. Nimewajua wanawake waliopewa talaka kwa sababu ya kuzaa watoto wa namna hiyo, mume akaoa mwingine, na bibi wa mume akajisifu kwamba upande wao hauna ila. Mwanamume mmoja mwenye heshima zake alinieleza, kwa sauti ya chini, kwamba katika ukoo wao ni mwiko kabisa kuoa kutoka nyumba fulani kwa ajili ya watoto wake wagonjwa. Kumbe wagonjwa wa nyumba ile baba yao ni mtu wa ukoo wake mwenyewe.

Hesabu ya urithi haimwachi mwanamume nje. Mtoto hawezi kuwa mgonjwa wa siko seli kwa mundu wa mama peke yake. Lazima baba naye awe ametoa wake. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, nafasi mbili katika nne za kuleta mbebaji mzima kama wao, na nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto asiye na mundu kabisa. Na kila mimba ni hesabu mpya. Kupata mgonjwa mara ya kwanza hakupunguzi nafasi ya mara ya pili. Mume mbebaji aliyemwacha mke mbebaji akaenda kuoa binti ami yake huenda amekimbia mvua akajitosa mtoni, kwani mundu ukiwamo katika ukoo, binti ami ndiye aliye karibu zaidi kuwa nao.

Sikatazi mtu kuoa kwao. Hiyo ni ada yetu na ina heri zake. Nasema kwamba kipimo kipo, ni cha damu kidogo tu, na kinaweza kufanywa kabla ya mahari kujadiliwa. Ndugu zetu wa ng'ambo wamekwisha kulifikia jambo hili. Mundu upo Oman, upo Bahrain, na upo Qatif na Al-Hasa, mashariki ya Saudi Arabia, sehemu ambazo zamani zilikuwa na malaria katika bustani zake za mitende. Kwa hiyo anayedhani kuwa huu ni ugonjwa wa rangi moja ya ngozi na aulize huko. Tangu mwaka 2004 Saudi Arabia imewalazimisha wachumba kupima damu kabla ya kufungishwa nikahi. Wakikutwa wote ni wabebaji huelezwa ukweli, na uamuzi hubaki kwao. Huku kwetu bado watu wanaulizana ukoo, kazi na nyumba, na damu haiulizwi mpaka mtoto aanze kulia.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa kazi ya Allison kwa watu wa kawaida. Kabla yake, mundu ulionekana kuwa kasoro tupu, kitu cha aibu, na mwenye nao kama mtu aliyebeba laana. Yeye alionyesha kwamba wengi wetu wa mwambao tupo duniani kwa sababu babu fulani au bibi fulani, mwenye mundu wa upande mmoja, alipona homa iliyowaua ndugu zake. Wale watoto wagonjwa ndio wanaolipia kinga waliyoipata wengine. Kuwafukuza mama zao ni kumdai mtu deni ambalo ni la wote.

MIAKA YA MWISHO

Maisha yake ya baadaye nitayapitisha haraka, ingawa mtu mwingine angeweza kuandika kurasa nzima juu yake. Alifanya kazi Oxford, kisha London katika taasisi za utafiti wa tiba. Mwaka 1978 alirudi Kenya kuongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, Nairobi, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa ndigana na nagana. Wafugaji wa Ijara, ambao mbung'o wa upande wa msitu wa Boni wamewamalizia ng'ombe wengi, hawahitaji kuelezwa umuhimu wa kazi hiyo. Hakukaa sana, kiasi cha miaka miwili tu.

Kutoka hapo alikwenda California, Marekani, katika kampuni ya dawa iliyoitwa Syntex, pamoja na mkewe, Daktari Elsie Eugui, mwanamke wa Argentina, naye ni mtaalamu wa kinga ya mwili. Hao wawili waliona kwamba watoto fulani wanaozaliwa na kasoro katika namna ya kuunda chembe zao hukosa kinga ya mwili, ingawa viungo vyao vingine hufanya kazi. Wakajiuliza: je, haiwezekani kuiga kasoro hiyo kwa dawa, kwa kiasi, ili kuituliza kinga ya mtu aliyepandikizwa figo la mwingine, mwili wake usilikatae? Wakachukua kitu kilichojulikana tangu karne ya kumi na tisa, kitokacho katika kuvu, wakakirekebisha. Dawa hiyo, maikofenoleti, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Leo inatumika dunia nzima.

Mtu akiziangalia kazi hizo mbili ataona ni mkono mmoja. Mara ya kwanza alikuta kasoro ya damu inayomlinda mtu na malaria. Mara ya pili aliichukua kasoro ya watoto wachache akaifanya dawa ya wengi.

Daktari Allison alifariki tarehe 20 Februari 2014 huko Belmont, California, kwa maradhi ya mapafu. Umri wake ulikuwa miaka 88.